Kilo za Shujaa

Jalada la Action Comics namba 1, toleo la Juni 1938, linaonyesha mtu ameinua gari. Haruki angani, wala macho yake hayatoi moto. Hayo yalikuja baadaye. Superman wa mwaka ule alikuwa akichupa tu. Joe Shuster, kijana aliyemchora kwa hadithi ya mwenzake Jerry Siegel, alihitaji picha moja ya kumfanya mpita njia aamini nguvu ambayo hakuna aliyewahi kuiona, akaipa nguvu hiyo mzigo. Gari la kijani liko juu ya kichwa, pua yake inapasuka kwenye jabali, vipande vinaruka, na chini kwenye kona kuna mtu anakimbia ameshika kichwa kwa mikono miwili. Tangu siku hiyo katuni za mashujaa zimekuwa, zaidi ya kitu kingine chochote, sanaa ya kuchora uzito.

Natoka mahali ambapo watu wanaujua uzito. Kwenye vilima vya Masisi, Kivu Kaskazini nchini Kongo, wanawake hushuka kwenda sokoni Sake na viazi au makaa mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, shingo imekaza, macho yanatazama hatua tatu mbele. Vijana huteremka na chukudu, kile chombo cha mbao chenye magurudumu mawili yaliyovishwa mpira wa tairi, goti moja kwenye ubao na mguu mwingine ukisukuma barabara. Pale Goma kimesimamishiwa sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya mzunguko wa barabara, na kinastahili. Walikale, ambako vilima vinakwisha na msitu unaanza, kizazi kizima cha vijana kilibeba kasiteriti, madini ya bati, kutoka mlima wa Bisie: gunia la kilo 50 mgongoni, siku mbili kwa miguu chini ya miti, matope hadi magotini, mpaka Njingala, ambako mzigo uliendelea na safari kwa gari hadi Kilambo. Huko ndege ndogo zilitua juu ya lami ya barabara, zikapakia, zikaondoka kwenda Goma.

Kwa hiyo mtu wa kwetu akifungua bede (kitabu cha katuni) ya mashujaa, kuna jambo ambalo huwezi kumdanganya. Anaweza kukubali kwamba mtu ametoka sayari nyingine. Anaweza kukubali kwamba mtu ameumwa na buibui akapata nguvu. Ila akiona mtu ameshika lori kwa mkono mmoja na kifundo cha mguu hakijabadilika hata kidogo, anafunga kitabu.

Nasema hivi kwa sababu ya watu ninaosoma nao. Tunakutana Goma, wote tukiwa wa Masisi au Walikale kwa kuzaliwa. Vita vimetukusanya mjini kuliko tulivyopenda. Kuna Mwalimu, ambaye amefundisha darasa la tano kwa miaka mingi na hasahau kosa la sarufi. Kuna Yaya, muuguzi, ambaye huangalia miili kwa jicho la mtu anayejua mfupa uko wapi. Kuna mchoraji wa mabango, yule anayepaka ndizi na simu na vichwa vya wateja kwenye kuta za vinyozi. Na kuna Papa, aliyebeba Bisie alipokuwa kijana. Papa hasomi Kifaransa vizuri, na Kiingereza hasomi kabisa, na ndiye mhakiki mkali kuliko sote. Katuni mpya hutufikia kwa simu, mara chache kwa karatasi, pale mtu anapotoka Kampala au Nairobi na toleo moja mfukoni.

Papa ndiye aliyetufundisha kuanza na miguu. Kabla ya kusoma neno lolote, kabla ya kuuliza huyu ni nani na yule ni adui gani, tunatazama nyayo: kisigino kimekaa wapi, vidole vimejishika vipi, ardhi imejibu nini. Kisha tunaziba uso wa shujaa kwa kidole gumba. Uso ni rahisi. Mchoraji yeyote anaweza kukaza meno na kuchora jasho. Ukishauziba, mwili unabaki peke yake, na hapo unajua kama kweli umebeba kitu. "Huyu hana kilo," Papa husema, na ukurasa umekwisha hukumiwa.

Ukurasa tunaoutumia kama kipimo ni wa zamani kuliko wengi wetu. Umo katika Amazing Spider-Man namba 33, toleo la Februari 1966, ambalo Steve Ditko alipanga hadithi yake, akaichora na kuitia wino mwenyewe, huku Stan Lee akiandika maneno. Jambo lenyewe ni fupi. Peter Parker, ndiye Spider-Man, amelaliwa na mashine kubwa ya chuma katika maficho yaliyojengwa chini ya maji. Dari linavuja. Mbele yake, mahali ambapo mkono haufiki, kuna chombo chenye dawa ya kumwokoa shangazi yake aliye mahututi. Mchoraji mwingine angelimaliza kwa visanduku vitatu: amebanwa, anakaza, anatoka. Ditko alilipa kurasa kadhaa, na hakuna adui hata mmoja ndani yake. Ni mtu na chuma tu.

Mwanzoni chuma kimechukua karibu nafasi yote, na mtu ni kitu kidogo kilichobaki chini. Ditko anakwenda karibu, anarudi nyuma, anakwenda karibu tena. Kichwa kimeinama. Mgongo unajaribu, unashindwa, unarudi chini, na hapo ndipo ustadi wake ulipo, kwa sababu amemruhusu shujaa kushindwa mbele yetu, polepole, bila kupigwa. Maji yanadondoka. Kisha mwili unaanza kupanda, nusu kidole baada ya nusu kidole, na kadiri unavyopanda ndivyo visanduku vinavyokua. Kisanduku chembamba kinafuatwa na kipana kidogo, kipana kinafuatwa na kirefu, mpaka unafungua upande wa pili na kukuta ukurasa mzima ni picha moja: amesimama, chuma kiko juu yake, maji yanamwagika pande zote. Msomaji hajaambiwa kwamba uzito umeondoka. Amepewa nafasi, na yeye mwenyewe amevuta pumzi.

Mchoraji wetu wa mabango aliuchunguza mfuatano huo kwa muda mrefu sana, akipima kwa kucha upana wa kila kisanduku kwenye kioo cha simu. Papa yeye aliangalia shingo. "Mzigo unaingilia shingoni," alisema, "mabega yanafuata." Halafu akauliza swali ambalo sisi wasomaji wa siku zote hatukuwa tumejiuliza: baada ya pale, mguu wake ukoje? Nikamfungulia kurasa zinazofuata. Mguu umeumia. Spider-Man anakokota, anapigwa na watu ambao siku nyingine angewamaliza kwa dakika moja, anapigana akiwa karibu hajitambui. Ditko hakuusahau mzigo baada ya kuutua. Papa alitikisa kichwa kwa kuridhika, kama fundi anayemtambua fundi mwenzake.

Mwaka huohuo wa 1966, mwezi Julai kwa tarehe ya jalada, Jack Kirby na Stan Lee walimleta Black Panther katika Fantastic Four namba 52, na nyuma yake ufalme wa Wakanda na madini yake ya ajabu. Tangu filamu ya 2018, kila mgeni anayefika Goma na kusikia neno Rubaya hutuambia kwamba koltani yetu, madini yanayotoa tantalumu, ndiyo vibraniamu, yale madini ya Wakanda. Namwelewa. Rubaya, kule Masisi, inakadiriwa kutoa takriban asilimia 15 ya tantalumu ya dunia nzima, na bila tantalumu simu aliyoshika mkononi ingekuwa kitu kingine. Kirby nampenda kwa moyo wote: mikono yake inayotoka kwenye karatasi na kukujia usoni, mashine zake zinazoonekana kuwa na damu, ule msitu wa Wakanda uliotengenezwa kwa nyaya na vyuma. Ila katika miaka yote ya kusoma Wakanda nimeona majumba, vyombo vya angani na mavazi yaliyofumwa kwa madini yale, na mara chache sana nimemwona mtu mwenye gunia. Madini ya Wakanda yanafika yakiwa yameshakuwa kitu kizuri. Mtoto wa Rubaya anayeisoma hadithi hiyo hapati mahali pa kumweka baba yake.

Ndiyo maana mfululizo mpya wa DC, wachapishaji wa Superman na Batman, unaoitwa Absolute ulituweka macho usiku. Ulianza Oktoba 2024 na Absolute Batman, iliyoandikwa na Scott Snyder na kuchorwa na Nick Dragotta, na wazo lake ni kuwavua mashujaa wakubwa vile vitu vilivyowarahisishia maisha. Bruce Wayne wa humu hana utajiri wala jumba. Ni mtoto wa mwalimu, na kazi yake ni uhandisi. Hilo peke yake lilimfanya Mwalimu asogeze kiti. Dragotta amemfanya mnene kupita kiasi, mabega ya watu wawili, shingo imezama, na nembo ya popo kifuani inang'oka na kuwa kichwa cha shoka. Nilidhani Yaya atamkataa, kwa kuwa mwili kama ule haupo katika wodi yoyote. Badala yake alimtetea. Alisema mwili umekuzwa, lakini umekuzwa kwa haki: kila kilichoongezwa juu kimelipwa chini, kwenye nyonga na mapaja, na ukimwangalia anatua kutoka juu unaona mahali ambapo magoti yanapokea. Ni hoja nzuri kuliko nyingi nilizosoma kuhusu kitabu kile. Dragotta anatia chumvi, lakini anajua anachokitia chumvi.

Mwezi uliofuata ikatoka Absolute Superman ya Jason Aaron na Rafa Sandoval, na hiyo ndiyo iliyotugawa. Kal-El, Superman wa humu, alizaliwa katika tabaka la wafanyakazi wa Krypton. Duniani tunamkuta miongoni mwa wachimbaji wa almasi nchini Brazil, wanaobanwa na kampuni kubwa iitwayo Lazarus na askari wake. Fikiria kitabu hicho kinasomwa na nani hapa. Papa alitaka kila kiputo kitafsiriwe. Mwalimu alitafsiri, na safari hii hakuna aliyemharakisha.

Joho la Superman huyu si kitambaa. Linafuka nyuma yake kama vumbi jekundu, linatawanyika na kujikusanya. Kwangu mimi hilo ni wazo la mchoraji hasa, wazo ambalo haliwezi kuandikwa, linaweza kuchorwa tu: mtu wa migodi anaruka, na vumbi la mgodi linaruka naye. Sandoval ana mkono mwepesi, na mwendo anaujua. Ukurasa wake unateleza, jicho halikwami popote, na rangi za Ulises Arreola zinatenganisha giza la chini na mwanga wa juu bila kelele. Ila wepesi huohuo ndio uliozua ubishi. Mwalimu alisema hadithi ni ileile ya siku zote, mkombozi anashuka kutoka juu na wachimbaji wanamtazama. Papa hakujali anatoka wapi. Alichotaka ni kuona wachimbaji wamechoka kwa namna tofauti na shujaa. Mtu anayechimba kila siku, alisema, hata akisimama bure amesimama upande mmoja. Alimwonyesha mchoraji wetu kwa mwili wake mwenyewe, bega la kulia limeshuka, kiuno kimepinda kidogo, na kwa hakika mpaka leo Papa husimama hivyo. Nikarudia kurasa nikiwa na bega lile akilini. Sandoval ni fundi mzuri sana wa kitu kinachopita. Kwa macho yangu, kitu kinachobaki palepale hakijampa subira ileile.

Subira hiyo tunaijua kwa wachoraji wa nchi yetu. Pat Masioni, aliyezaliwa mwaka 1961 na kusomea Akademia ya Sanaa ya Kinshasa, alichora miaka mingi nyumbani kabla ya kukimbilia Ufaransa mwaka 2002. Huko akachora Rwanda 1994, albamu mbili za watu wanaokimbia kifo, ya kwanza mwaka 2005 na ya pili 2008. Kisha DC, kupitia tawi lake la Vertigo, ikamwita kuchora namba 13 na 14 za Unknown Soldier, hadithi aliyoiandika Joshua Dysart kuhusu daktari aliyefungwa bendeji usoni katika vita vya Acholi, kaskazini mwa Uganda. Ilikuwa mwishoni mwa 2009. Mkongomani katika nyumba ya Superman! Mchoraji mkuu wa mfululizo ule, Alberto Ponticelli, ana mstari mkali wenye woga ndani yake, na ulifaa. Masioni alipoingia, mambo yakatulia kidogo, na utulivu ule ukawa mzito zaidi. Watu wake husimama ardhini. Mama akiwa na mtoto mgongoni, mtoto ana kilo, na kitenge kinavuta mahali kitenge kinapovuta kweli. Hakuna anayeweza kujifunza hilo kwa kutazama katuni za wengine. Hujifunzwa kwa kuishi mahali watoto wanapobebwa.

Barly Baruti wa Kisangani, aliyezaliwa mwaka 1959, ana njia nyingine. Katika Madame Livingstone ya mwaka 2014, aliyoitengeneza na mwandishi Christophe Cassiau-Haurie, vita vya kwanza vya dunia vinapiganwa kwenye Ziwa Tanganyika, kuna meli ya Wajerumani ya kuzamishwa na kuna rubani Mbelgiji. Shujaa wa kweli, hata hivyo, ni Mwafrika aliyevaa sketi ya Kiskoti na ambaye kila mtu anadhani anamjua. Baruti anapaka hewa. Rangi zake zina unyevu wa ziwa, na vitu vizito, ndege, meli, mizinga, vinaonekana vizito kwa sababu hewa inayovizunguka ni nyepesi. Mchoraji wetu anasema angetoa mkono mmoja ili ajue Baruti anachanganya vipi kijivu chake. Namsihi aendelee kuwa na mikono yote miwili.

Afrika Mashariki haikukosa mashujaa wake wenye nguvu za ajabu. Frank Odoi, Mghana aliyehamia Nairobi na kufia huko katika ajali ya barabarani mwaka 2012, aliwapa wasomaji Akokhan, na wengi wa rika langu walioishi Kenya bado wanazungumza juu yake kama jirani. Lakini kwa sisi wa Kivu Kaskazini shujaa mkubwa kuliko wote alikuwapo kabla ya wino, na nyumbani kwake ni Walikale.

Mwindo wa Wanyanga hakuzaliwa kama watu. Baba yake Shemwindo, mtemi wa Tubondo, aliamuru wakeze wazae wasichana tu, kwa ajili ya mahari. Mwindo akatoka kwa kidole cha mama yake, akatembea palepale, akiwa na konga yake mkononi, ule usinga wa mkia unaofanya kila anachoomba. Baba akajaribu kumchoma mkuki, akamzika hai, akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Ngoma ikaelea. Mwindo akaenda kwa shangazi yake Iyangura, akarudi na jeshi la wajomba, akamfuata baba yake hadi chini ya ardhi.

Mwaka 1956 mganaji aitwaye Candi Rureke aliigana hadithi hiyo kwa siku kumi na mbili. Aliimba, akasimulia, akacheza, akaigiza kila mhusika, huku vijana wakimpigia mdundo na waandishi wakifukuzana na maneno yake. Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliitoa kitabuni mwaka 1969, kwa Kinyanga na Kiingereza, katika matbaa ya Chuo Kikuu cha California. Rureke mwenyewe hakuwahi kabla ya hapo kuigana yote mfululizo. Kwa desturi watu waliomba kipande hiki au kile. Nimeisoma mara nyingi, na kila mara nashangaa jinsi fundi yule alivyolijua jambo ambalo Ditko angelijua miaka kumi baadaye upande wa pili wa dunia.

Tazama Mwindo anapofika chini ya ardhi kwa Muisa, mwenyeji wa huko. Kabla hajashuka, anamwachia shangazi yake ncha ya kamba. Kamba ikitikisika, niko hai. Ikitulia, nimekufa. Kule chini Muisa anamwachia mshipi wake, nao unampiga Mwindo chini, unamkandamiza mdomo ardhini mpaka povu linatoka, haja ndogo na kubwa zinamtoka. Rureke hakumwonea haya shujaa wake. Mtoto huyu aliyeshinda mkuki na kaburi na mto sasa amelala katika uchafu wake. Na hapohapo, katika dakika ileile, mganaji anatuondoa chini na kutupeleka juu, kwa Iyangura, ambaye ameshika kamba. Kamba haitikisiki. Mama yule analia kwamba mtoto amekufa. Kisha konga inamgusa Mwindo, naye anainuka.

Hicho ni kisanduku. Rureke hakuwa na karatasi, lakini alijua wakati wa kukata, na alijua kwamba uzito wa mshipi unaonekana vizuri zaidi kwenye vidole vya mtu aliye mbali. Papa, ambaye bibi yake alikuwa Mnyanga, aliisikia sehemu hiyo utotoni kwa maneno mengine, na anaikumbuka kamba kuliko vita vyote.

Hata mwisho wake Mwindo hakuachwa hivihivi. Alimuua joka Kirimu, na Kirimu alikuwa rafiki wa Nkuba, yaani Radi. Nkuba akampandisha mbinguni, akakaa kule mwaka mzima akipigwa na mvua na baridi na jua, akipewa miiko, akikatazwa kujisifu na kuua wanyama. Ndipo akarudi kuwa mtemi. Nikilinganisha na mashujaa wengi wa matoleo ya kila mwezi, ambao wakiumizwa namba hii wanakuwa wazima namba ijayo, naona kwamba mganaji wa Walikale aliwadai wasikilizaji wake zaidi, nao wakampa.

Sasa mchoraji wetu wa mabango anaichora. Ameanza na ile sehemu ya mshipi, kwa penseli, kwenye karatasi za daftari zilizobandikwa pamoja, na sisi tumegeuka wahakiki wa mtu tunayemjua, jambo gumu kuliko kumhukumu Sandoval. Ukurasa wa kwanza ni mzuri kweli. Mwindo ni mdogo, urefu wa mtoto wa miaka mitatu, na hakuchorwa na misuli ya mtu mzima. Nguvu zake ziko katika jinsi anavyosimama bila kuomba ruhusa. Ukurasa wa pili mshipi umepewa sura ya nyoka, na Yaya amesema aufute: mshipi ni ngozi, hauna macho, na unatisha kwa sababu hauna macho.

Ukurasa wa tatu tumeurudisha wote. Magoti ya Mwindo yako hewani wakati mdomo uko ardhini, na mwili uliokandamizwa hivyo hauwezi kuacha nafasi chini ya goti. Papa alilala sakafuni kumwonyesha. Kamba mkononi mwa Iyangura ni nene mno, ya kufungia ng'ombe, ilhali inatakiwa iwe nyembamba kiasi kwamba vidole ndivyo vinavyotujulisha kwamba ipo. Na bado hatujakubaliana kisanduku cha kamba kikae wapi. Mwalimu anakitaka mwisho wa ukurasa, ili msomaji afungue upande wa pili bila kujua kama mtoto amekufa. Papa anakitaka katikati, kimezungukwa na visanduku vya mshipi pande zote, kwa kuwa shangazi hasubiri mwisho wa ukurasa ndipo aogope. Mimi niko na Mwalimu, Yaya yuko na Papa, na mchoraji ameomba muda achore zote mbili.